Dopla ya ateri za mji wa mimba: namna ya kuipima na kuisoma presha inapopanda

Kwanza tuondoe kosa moja lililozoeleka. Dopla, yaani altrasaundi inayopima mwendo wa damu ndani ya mshipa, ikipimwa kwenye ateri za mji wa mimba haitumiki kuamua kama mama ana kifafa cha mimba (hapa tunamaanisha ugonjwa wenyewe wa presha ya mimba, hata kabla ya degedege) au hana. Mama wa wiki 30 mwenye presha 150/100, iliyorudiwa baada ya saa nne ikabaki palepale, na mkojo wenye protini ++, ameshaugua hata kama namba za Dopla zinapendeza. Na yule mwenye 160/110 au zaidi, anayelalamika kichwa kumuuma vibaya, ukungu machoni au maumivu chini ya mbavu za kulia, hapelekwi chumba cha altrasaundi kwanza. Anashushwa presha, anapewa magnesiamu salfeti dozi ya kuanzia ya gramu 14 (gramu 4 kwenye mshipa taratibu, kisha gramu 5 kila tako), na akishatulia ndipo mashine inasogezwa kitandani kwake.

Kazi ya Dopla hii ni mbili. Kabla ugonjwa haujajitokeza, inasaidia kumtambua mama ambaye kondo lake halikujishika vizuri, ili aangaliwe kwa karibu. Ugonjwa ukishajitokeza, au mtoto akionekana mdogo kuliko umri wa mimba, inaonyesha kama tatizo linatokea upande wa mama wa kondo la nyuma. Upande wa mtoto hupimwa kwenye ateri ya kitovu. Hicho ni kipimo kingine, na tutakifikia.

Kinachopimwa ni nini hasa

Damu ya mji wa mimba huletwa hasa na ateri mbili, kulia na kushoto, kila moja ikichipuka kutoka ateri iliaki ya ndani. Zikiingia ukutani hugawanyika na kugawanyika tena mpaka kuwa mishipa midogo iliyojisokota, ambayo ndiyo humwaga damu kwenye kondo. Mimba ikienda vizuri, chembe za kondo huivamia mishipa hiyo, huondoa misuli ya kuta zake na kuiacha ikiwa mipana, haina tena uwezo wa kujibana. Ndiyo maana damu inayopita hapo, ambayo ni kama mililita 50 kwa dakika mimba ikiwa changa, hufika mililita 500 na zaidi mimba ikikomaa. Uvamizi ukiishia njiani, mishipa hubaki myembamba na damu hukutana na ukinzani. Kwenye skrini utaona kilele kirefu, mteremko wa ghafla, kibonyeo kiitwacho nochi mwanzoni mwa diastoli (muda moyo unapolegea kati ya pigo na pigo), kisha mkia mfupi ulio karibu na mstari wa sifuri.

Namba ya kuandika ni PI, kipimo cha ukinzani wa mshipa: kasi ya juu kabisa ukitoa kasi ya mwisho wa diastoli, gawanya kwa kasi ya wastani ya wimbi zima. Kilele kikiwa sentimita 70 kwa sekunde, mwisho wa diastoli 28 na wastani 42, PI ni 1.0. RI, kipimo kingine cha ukinzani kinachogawanya tofauti hiyohiyo kwa kasi ya juu kabisa, kwa wimbi hilohilo ni 42 gawanya kwa 70, yaani 0.6. Tumia PI. RI inatazama ncha mbili tu za wimbi, lakini PI inabeba umbo lote, na kibonyeo kikiwa kirefu kinaonekana kwenye namba.

Kabla ya kupaka jeli

Umri wa mimba ndio msingi wa kila kitu, kwa sababu PI hushuka kadiri wiki zinavyosonga. Namba iliyo kubwa mno wiki ya 24 ni ya kawaida kabisa wiki ya 12. Katika vijiji vya Chamwino, Bahi au Chemba, mkoani Dodoma, wengi hawakumbuki tarehe ya hedhi ya mwisho. Watakwambia ilikuwa wakati wa kupanda, au kabla mvua hazijaanza. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo jibu kama hilo linakupa mwezi lakini halikupi wiki. Tafuta kwenye kadi ya kliniki kama kuna altrasaundi ya mapema iliyopima urefu wa mtoto kutoka kichwani hadi matakoni, kisha hesabu kuanzia hapo. Kama hakuna, na mimba imeshavuka wiki 24, andika wazi kwenye ripoti kwamba umri ni wa kukadiria. Mtoto aliyedumaa anaweza kuonekana kama mimba changa yenye afya, na ukimpunguzia wiki, PI mbaya nayo itageuka kuwa nzuri.

Andika presha ya siku hiyo, majibu ya mkojo na dawa anazotumia. Muulize kama mimba zilizopita zilikuwa na kifafa cha mimba, kubanduka kwa kondo, au mtoto aliyefia tumboni. Majibu hayo yana uzito kuliko Dopla peke yake.

Mlaze nusu ameketi, kisha weka khanga iliyokunjwa nene chini ya ubavu wa kulia ili tumbo liegemee kushoto kidogo. Mimba kubwa ikilalia mshipa mkuu unaorudisha damu kwenye moyo, presha hushuka, mama hupata kizunguzungu na mawimbi yote huharibika. Mwache apumzike dakika tano. Kama ametoka stendi kwa miguu juani, muongezee muda, maana moyo unaokwenda mbio hubadili umbo la wimbi. Mweleze unachofanya: “Mama, nitapita pembeni mwa tumbo, huku chini karibu na kinena. Utasikia sauti kama upepo, hiyo ni damu yako, siyo moyo wa mtoto.” Usipomwambia hivyo, ataisikia sauti ya taratibu na kudhani mtoto anakata roho.

Mashine

Probu (kifaa cha mkononi kinachowekwa juu ya ngozi) ya tumbo iliyopinda, ya megahezi 2 hadi 5, inatosha. Chagua mpangilio wa uzazi, usitumie wa mishipa ya miguu wala wa moyo. Geti, yaani alama inayowekwa juu ya mshipa kuonyesha mahali pa kupima, liwe na upana wa milimita 2 hivi. Filta ya ukuta, inayofuta ishara za mwendo wa polepole, iwe chini, karibu hezi 60. Ikiwa juu itafuta diastoli, nawe utaandika ukinzani usiokuwapo. Kiwango cha kasi kirekebishe mpaka wimbi lijaze kama robo tatu za kimo cha eneo lake bila ncha kukatika na kutokea upande wa pili. Mwendo wa skrini uonyeshe mawimbi manne hadi sita. Geini (ukuzaji wa ishara) ipunguze mpaka nyuma ya mawimbi kuwe kweusi. Punje nyeupe zikitapakaa, mashine inayochora mstari yenyewe itazifuata.

Kielelezo cha joto, TI, kisizidi 1.0, hasa kwenye mimba ya chini ya wiki 14. Washa Dopla ukiwa umeshauona mshipa, na ukishapata mawimbi uzime.

Halafu kuna vumbi na umeme. Kiangazi cha Dodoma huziba vichujio vya feni za mashine, mashine hupata joto, na Dopla, ambayo ndiyo inayokula nguvu zaidi, huanza kuganda. Vichujio visafishwe kila wiki miezi ya upepo. Mashine isichomekwe moja kwa moja ukutani bila kifaa cha kutuliza umeme. Umeme ukirudi kwa kishindo unaweza kuunguza bodi, na kupata nyingine si jambo la wiki moja.

Wiki 11 hadi 14

Hapa mtoto awe na urefu wa milimita 45 hadi 84. Pata picha ya katikati ya mji wa mimba kwa urefu, uone mfereji wa mlango wa kizazi na mdomo wake wa ndani. Washa rangi, yaani Dopla inayoonyesha damu kwa rangi juu ya picha. Bila kuhama hapo, inamisha probu taratibu upande mmoja mpaka uone ateri ikipanda pembeni mwa mlango wa kizazi, usawa wa ule mdomo wa ndani. Weka geti juu yake, pembe kati ya mshipa na mwelekeo wa Dopla iwe chini ya nyuzi 30, na kasi ya kilele izidi sentimita 60 kwa sekunde. Kasi ikiwa chini ya hapo, yawezekana umekamata tawi dogo. Pata mawimbi matatu yanayofanana, pima, nenda upande wa pili, kisha chukua wastani wa PI za pande mbili.

Kupitia ukeni pia inawezekana, kibofu kikiwa kitupu, lakini namba zake huwa kubwa zaidi. Kwa tumbo, asilimia 95 ya wajawazito wa umri huu wana PI isiyozidi 2.35. Kwa njia ya uke kikomo ni 3.10. Usichanganye majedwali hayo mawili.

Kibonyeo katika umri huu kisikushtue. Wajawazito wengi wenye afya wanacho.

PI ya juu mapema hivi ina faida moja kubwa: kuna muda wa aspirini. Daktari akiunganisha historia, presha ya wastani na PI, akaona hatari ni kubwa, aspirini miligramu 150 kila usiku, kuanzia kabla ya wiki 16 mpaka wiki 36, hupunguza kifafa cha mimba kinacholazimisha kuzalisha kabla ya wiki 37. Nusu ya kidonge cha miligramu 300 inatosha, kwa asiye na vidonda vya tumbo wala mzio wa aspirini. Presha ya wastani hupatikana kwa kuchukua namba ya chini na kuongeza theluthi ya tofauti: 130/85 inatoa 100.

Wiki 20 na kuendelea

Kwa hali ya kwetu, hili ndilo dirisha linalotumika kweli. Mama wengi hufika kliniki mara ya kwanza wiki 14 zikiwa zimepita, na Shirika la Afya Duniani linashauri altrasaundi moja kabla ya wiki 24. Ukiiweka hiyo moja kati ya wiki 20 na 24 utahesabu umri kwa makosa yanayovumilika, utaangalia maumbile ya mtoto, na utapima ateri zote mbili ndani ya dakika kumi za ziada.

Weka probu kwa urefu upande wa chini wa tumbo, karibu na kinena, kisha iinamishe kuelekea katikati. Washa rangi, kisanduku kiwe kidogo. Utaona ateri iliaki ya nje, nene, ikishuka kuelekea pajani, na ateri ya mji wa mimba ikiikatiza kwa juu kama inaivuka. Hapo kwenye makutano ndipo alama yako. Weka geti sentimita 1 baada ya makutano, upande wa kuelekea mji wa mimba. Mara chache ateri hugawanyika kabla ya kufika kwenye makutano. Ikiwa hivyo, pima kabla ya mgawanyiko.

Mimba ikikua, mji wa mimba mara nyingi hujizungusha kulia kidogo, kwa hiyo ateri ya kushoto husogea. Usipoteze muda kuitafuta pembeni kama ulivyoikuta ya kulia, sogea karibu na katikati zaidi. Mama mwenye kifafa cha mimba anaweza kuwa na uvimbe hata kwenye ngozi ya tumbo, na probu huacha shimo. Kubonyeza kwa nguvu hakusaidii, kunaubana mshipa na kupandisha PI. Paka jeli ya kutosha na uwe na subira.

Tumbo likikaza chini ya mkono wako, simama. Mkazo huongeza ukinzani, na PI ya wakati huo haifai kuandikwa. Subiri lilegee kabisa.

Wiki ya 23, kikomo cha asilimia 95 ni wastani wa PI 1.44 kwa tumbo na 1.58 kwa uke. Baada ya hapo kikomo huendelea kushuka taratibu mpaka karibu wiki 34, kwa hiyo tumia jedwali la wiki husika. Usibebe 1.44 mpaka mwezi wa nane wa mimba. Kibonyeo cha pande zote mbili kinachobaki baada ya wiki 24 kina maana, lakini wapimaji wawili wanaweza kutofautiana kama kipo au hakipo. Kwa sababu hiyo namba itangulie, kibonyeo kitajwe tu.

Namba mbaya zinavyozaliwa

Kosa la kwanza kwa wingi ni kupima mshipa mwingine. Ateri iliaki ya nje ina wimbi linalopanda, likashuka chini ya mstari wa sifuri, likapanda tena kidogo. Ukiona damu inarudi nyuma mwanzoni mwa diastoli kwa mama ambaye mtoto wake anakua vizuri, sogeza geti kabla hujamtisha mtu. Ukipanda sana, ukaingia matawi ya ndani ya ukuta, PI itakuwa ndogo kwa uongo na utamruhusu mama aliyestahili kufuatiliwa. Ukishuka sana kuelekea uke, tawi la mlango wa kizazi litakupa PI kubwa yenye kasi ndogo.

Kuna jaribio rahisi: shika kifundo cha mkono wa mama huku ukisikiliza mawimbi. Yakilingana na mapigo yake, tuseme 80 kwa dakika, uko upande wa mama. Yakienda 140, umekamata mshipa wa mtoto au wa kitovu. Inaonekana jambo la kitoto, lakini linaokoa ripoti nyingi.

Pembe nayo huwachanganya watu. Kwa kuwa PI ni uwiano, pembe mbaya haibadili hesabu yenyewe. Inachofanya ni kudhoofisha ishara, mkia wa diastoli unazama kwenye filta, na PI inapanda. Kasi ya kilele ndiyo inayoharibika moja kwa moja, hivyo kama unaitumia kuhakiki mshipa, sahihisha pembe.

Mstari wa mashine usiuamini bila kuutazama. Ukiwa umepanda juu ya wimbi kwa sababu ya kelele, au umekatiza kibonyeo, chora kwa mkono.

Tofauti kati ya kulia na kushoto ni ya kawaida. Kondo likiwa limekaa upande mmoja, ateri ya upande huo huwa na PI ndogo. Ndiyo maana ya wastani. Kama umepata upande mmoja tu, andika huo mmoja na useme wa pili haukupatikana. Kuandika namba ileile mara mbili ni kumdanganya daktari. Mapacha wana PI ndogo kuliko mimba ya mtoto mmoja na wanahitaji majedwali yao. Mji wa mimba wenye maumbile yasiyo ya kawaida tangu kuzaliwa hauna namba za kuaminika, kwa kuwa majedwali yote yalitokana na wenye maumbile ya kawaida.

Ugonjwa ukiwa tayari upo

PI ya juu kwa mama mwenye kifafa cha mimba kilichoanza kabla ya wiki 34 inakwambia mtoto yuko katika hatari ya kudumaa na kondo liko katika hatari ya kubanduka. PI ya kawaida haimwondoi mama kwenye hatari, na kifafa cha mimba kinachoanza karibu na tarehe za kujifungua mara nyingi huja na ateri zenye namba nzuri kabisa.

Kwa hiyo usiishie hapo. Pima kichwa, tumbo na paja la mtoto upate uzito. Angalia maji ya uzazi. Kisha ateri ya kitovu, kwenye kipande cha kitovu kinachoelea, mtoto akiwa ametulia na hafanyi mienendo ya kupumua. Hicho ndicho kipimo cha kurudia, kila wiki au kila baada ya siku chache kulingana na hali. Damu ya wakati wa diastoli ikitoweka kwenye wimbi, mama hulazwa, na huzalishwa akifika wiki 34. Ikirudi nyuma, wiki 32, au mapema zaidi presha ikigoma kushuka au maini, figo na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) zikianza kuharibika. Kabla ya wiki 34 apewe deksamethasoni miligramu 6 kwenye msuli kila baada ya saa 12, dozi nne, kwa ajili ya mapafu ya mtoto.

PI ya ateri za mji wa mimba ikishakuwa juu baada ya wiki 24, kuirudia kila wiki hakuongezi kitu. Haishuki kwa sababu presha imeshuka, na uamuzi wa siku ya kuzalisha haufanywi kwa namba hiyo. Tumia muda huo kwenye kitovu.

Kwa kituo cha Mpwapwa au Kondoa, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini, uamuzi wa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa hauhitaji kusubiri Dopla. Kifafa cha mimba kabla ya wiki 34 kinatosha. Dozi ya kuanzia ya magnesiamu itolewe kabla gari halijaondoka, na saa iliyotolewa iandikwe, kwa kuwa dozi inayofuata, gramu 5 kwenye tako moja, hutolewa saa nne baadaye baada ya kuangalia upumuaji, mkojo na mwitiko wa goti.

Ripoti iwe fupi na yenye namba. Mfano: “Mimba ya wiki 26 na siku 3 kwa altrasaundi ya wiki 12. Presha 148/96. Ateri za mji wa mimba kwa njia ya tumbo: kulia PI 1.62, kushoto PI 1.90, wastani 1.76, juu ya kikomo cha asilimia 95. Kibonyeo pande zote mbili. Ateri ya kitovu: diastoli ipo. Uzito wa mtoto gramu 700, chini ya kikomo cha asilimia 10 cha wiki hiyo. Maji ya uzazi yanatosha.” Weka picha ya kila upande, geti likionekana mahali lilipo, ili mpimaji wa hospitali nyingine aweze kuhakiki. Neno “Dopla nzuri” lisiandikwe bila namba, maana anayepokea mama saa nane za usiku hatakuwa na mtu wa kumuuliza.